Kufundisha Neno "Scold" Katika Shule za Msingi

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi hukaa nyuma ya darasa, juu ya dawati lililo fupi kuliko miguu yetu, tukiandika yale tuyaonayo na tuyasikiayo. Ndivyo tulivyoketi siku moja katika shule mojawapo ya kata ya Mbwawa, Kibaha, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha Kiingereza Darasa la Tano. Somo lilikuwa hadithi fupi ya mtoto aliyetumwa dukani akapoteza fedha njiani. Ndani ya hadithi hiyo mlikuwa na neno jipya, "scold". Mwanachuo alifanya kama tulivyofanya wengi wetu tulipokuwa wageni kazini. Aliandika ubaoni "scold = kukemea, kugombeza", akawasomesha watoto kwa pamoja mara tatu, kisha akawataka watunge sentensi zao wenyewe.

Watoto wa Mbwawa si wavivu wa kufikiri. Mmoja aliandika: "The pastor scolded the devil." Wa pili aliandika: "The President scolded corruption." Wa tatu aliandika: "My brothers scolded each other and fought." Mwanachuo alisimama na kalamu mkononi asijue la kufanya. Alihisi kwamba sentensi hizo hazikukaa sawa, lakini hakuweza kueleza upungufu uko wapi, maana kila mtoto alikuwa amefuata barabara yale aliyoyakuta ubaoni. Mchungaji hukemea pepo. Viongozi hukemea rushwa, na redio hututangazia hivyo kila mara. Na ndugu waliogombana, je, si wamegombezana?

Kosa halikuwa la watoto. Lilikuwa la ile alama ya sawasawa iliyowekwa kati ya neno la Kiingereza na maneno mawili ya Kiswahili. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa alifahamu neno "scold" vizuri zaidi, alifundishe kwa utaratibu unaofaa, na mwishowe ajiulize jambo moja ambalo neno lenyewe linamdai kila mwalimu.

Maana ya neno

Neno "scold", likitumika kama kitenzi, lina maana ya kumsemesha mtu kwa hasira au kwa ukali kwa sababu ya kosa alilolitenda. Maana hii yafaa ichambuliwe katika sehemu nne, kwani kila sehemu ina kazi yake darasani.

Kwanza, anayekaripiwa ni kiumbe mwenye kusikia. Aghalabu ni mtoto, lakini aweza kuwa mtu mzima aliye chini ya mwingine, au hata mbwa aliyeiba nyama jikoni. Rushwa haina masikio, wala umaskini, wala ulevi. Ndiyo sababu Mwingereza hasemi kwamba kiongozi "scolded corruption". Atasema "condemned corruption".

Pili, anayekaripia huwa na mamlaka fulani juu ya mwenzake, ya umri, ya uzazi au ya cheo. Mama humkaripia mwanawe, mwalimu mwanafunzi, dereva utingo wake. Mtu akiandika "The pupil scolded the teacher", sarufi itakubali lakini msomaji atashangaa, kama ashangaavyo Mswahili akiambiwa kwamba mtoto amemgombeza babu yake.

Tatu, kosa limekwisha kutendeka, au walau anayesema anaamini hivyo. Hapa ndipo "scold" linapoachana na "warn", yaani kuonya. Onyo laweza kutangulia kosa, karipio hulifuata. Tazama mfano huu, ambao watoto wa Kibaha wataufahamu upesi kwa kuwa treni za reli mpya hupita Soga, katika wilaya yao: "Father warned Ali not to play near the railway line. Ali played there. Father scolded him." Sentensi tatu, na mtoto anaona kwa macho yake mahali pa kila neno.

Nne, tendo lenyewe ni la maneno matupu. Kofi halimo, wala fimbo. Mwanafunzi akiandika "My uncle scolded me with a stick", yampasa mwalimu amweleze kwamba fimbo ina kitenzi chake, nacho ni "beat".

Majirani wa neno hili katika Kiswahili

Mwalimu wa Kiingereza asiyekijua Kiswahili kwa undani ni kama mvuvi ajuaye bahari ya mbali asijue kina cha bandari yake. Kiswahili chetu ni tajiri sana katika uwanja huu. Kabla ya kuchagua neno la kuandika ubaoni, hatuna budi kuyatazama yaliyopo, moja moja.

Kukemea ni kumzuia mtu au kitu kwa sauti yenye amri. Hukemewa mtoto, hukemewa mbwa, hukemewa pepo, na katika matumizi ya leo hukemewa hata uovu usio na umbo. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanajua kwamba hata upepo ulikemewa. Katika Biblia za Kiingereza neno linalotumika mahali hapo ni "rebuke". Kwa hiyo kukemea ni kupana kuliko "scold", na upana huo ndio uliomponza mtoto aliyeandika habari za mchungaji.

Kukaripia ni kusema kwa ukali wa sauti, na kwa maana hiyo kunakaribiana sana na "scold". Hata hivyo, nomino yake, karipio, imechukua pia maana ya kiofisi. Mwanachama wa chama au mtumishi aliyepewa karipio amepata adhabu rasmi iliyoandikwa katika kumbukumbu. Karipio la namna hiyo kwa Kiingereza ni "reprimand". Mama hatoi "reprimand" jikoni.

Kugombeza ndilo neno la nyumbani, na kwa maoni yetu ndilo lililo karibu zaidi na "scold" masikioni mwa mtoto wa Pwani. Lakini linatokana na kugomba, ambako ndiko kulikozaa kugombana, na kugombana ni jambo la watu wawili walio sawa. Kwa Kiingereza hilo ni "quarrel". Mtoto wa tatu katika kisa chetu aliteleza katika daraja hilo. Ndugu zake hawakukaripiana, waligombana: "My brothers quarrelled."

Kufoka na kufokea hutukumbusha chungu kilichochemka kikamwagika. Hapa uzito uko katika hasira ya msemaji, si katika kosa la msemwaji. Mtu aweza kufoka bila sababu yoyote. Kiingereza kina "shout at" kwa jambo hilo.

Kusema, kwa maana ya kumsema mtu, ni neno ambalo watoto hulitumia mno: "Nikichelewa, mama atanisema." Wageni wa lugha hii hudhani mtoto anasengenywa. La hasha! Atakaripiwa, naye anajua.

Kukanya ni kukataza kwa wema, na mara nyingi hufanywa na mkubwa anayempenda mdogo. Ukali ni mdogo, mafunzo ni mengi.

Kusuta ni kumwumbua mtu ana kwa ana kwa uongo au umbeya wake. Katika miji na vijiji vya Pwani wanawake wameifanya kuwa desturi kamili: mmbeya hufuatwa nyumbani kwake na kundi la majirani, pengine kwa vifijo na matarumbeta. Hapo "scold" halitoshi hata kidogo, wala hatujui neno moja la Kiingereza linalotosha.

Kusimanga ni kumkumbusha mtu fadhila ulizomtendea kwa nia ya kumuumiza. Asimangaye hahitaji kosa. Huhitaji tu kuwa alikwisha toa.

Aidha, kuna jambo moja ambalo halimo katika neno lolote bali limo katika uhusiano wa watu. Bibi wa Kizaramo aweza kumwambia mjukuu wake wa kiume, "Mume gani wewe, mvivu hata kuchota maji!" na mtoto akacheka huku akichukua ndoo. Maneno ni ya ukali, lakini ni utani, na mjukuu anaujua. Mwanafunzi akitaka kuyaeleza kwa Kiingereza na kuandika "My grandmother scolded me", amesema kweli nusu. Mwalimu mwangalifu atamuuliza: je, bibi alikuwa na hasira? Kama hakuwa nayo, sentensi ifaayo ni "My grandmother teased me".

Tunaona basi kwamba hakuna neno moja la Kiswahili liwezalo kusimama badala ya "scold" mahali pote. Ushauri wetu ni huu: kwa Darasa la Tano, mwalimu aanze na kugombeza au kukaripia, aeleze kwa mifano kwamba tunazungumzia mkubwa na mtoto aliyekosa, na asiandike alama ya sawasawa.

Asili ya neno na funzo lake

Wanachuo hupenda kujua maneno yametoka wapi, nao wana haki. Wataalamu wa Kiingereza hulihusisha "scold" na neno la watu wa kale wa Skandinavia, "skald", lililomaanisha mshairi. Yaelekea sababu ni kwamba washairi wa huko waliogopwa kwa tungo zao za kejeli. Sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kustaajabu, maana tunayajua mashairi ya kujibizana, vijembe vya khanga, na mipasho ya taarabu.

Baadaye neno hilo liligeuka nomino ya kumtaja mtu mwenye ulimi mkali asiyewapa jirani zake raha, na katika sheria za Uingereza kuwa mtu wa namna hiyo lilikuwa kosa la jinai. Walioshtakiwa walikuwa wanawake hasa. Mojawapo ya adhabu zake ilikuwa kumfunga mwanamke katika kiti na kumchovya majini mbele ya watu. Adhabu hiyo iliachwa zamani, lakini kosa lenyewe lilifutwa rasmi katika sheria za huko mwaka 1967 tu, ule ule uliotuletea Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea.

Historia hii ina faida kwa mwalimu. Neno lililobebeshwa wanawake kwa karne nyingi bado hupenda kuwaelekea. Tukichunguza mifano tunayoitunga papo kwa papo darasani, tutakuta mwenye kukaripia ni mama, shangazi, au mama wa kambo, huku baba akisoma gazeti. Tuchanganye. Baba akaripie, mjomba akaripie, nahodha akaripie baharia. Mtoto wa kike asijifunze Kiingereza pamoja na dhana kwamba ukali wa ulimi ni wa jinsia yake.

Matamshi na sarufi

Katika matamshi, mwanzo wa neno hautusumbui sana, kwani tuna "askari" na "maskini". Tabu iko mwishoni, ambapo konsonanti mbili hukaa pamoja bila irabu ya kuzifunga. Mtoto hutamka "skoldi", pengine "sikoldi". Njia iliyotusaidia ni kulijenga neno kutoka nyuma: "old", kisha "cold", kisha "scold". Watoto wayatamke maneno hayo matatu kama wapandao ngazi. Katika wakati uliopita, "scolded" lina silabi mbili, na ile ya pili isikike wazi, kama katika "wanted" na "needed".

Kuhusu sarufi, mambo matatu yanatosha kwa shule ya msingi.

La kwanza, kitenzi hiki humfuata mtu moja kwa moja: "She scolded me." Si "scolded to me", wala "scolded with me".

La pili, kosa huletwa na neno "for". Baada yake huja nomino, au kitenzi chenye mwisho wa "-ing": "He scolded the boy for his carelessness", "He scolded the boy for coming late." Watoto wetu huandika "for late" au "because late", kwa kuwa wanafikiri kutoka katika "kwa kuchelewa". Basi tuwaoneshe kwamba kule kwetu kiambishi "ku-" hufanya kazi ile ile inayofanywa na "-ing" katika mfano huu: kwa kuchelewa, "for coming late", kwa kuvunja chungu, "for breaking the pot". Hapo Kiswahili, ambacho mara nyingi hulaumiwa kwamba kinaharibu Kiingereza cha watoto, kinageuka kuwa ngazi.

La tatu, kauli ya kutendwa ni ya kawaida: "The boy was scolded by his father."

Mwalimu ajue pia kwamba Waingereza wa leo, wakizungumza nyumbani, husema zaidi "tell off": "My father told me off for coming late." Neno "scold" hukutwa zaidi katika maandishi na hadithi. Si lazima kulifundisha hilo Darasa la Tano, lakini mwanafunzi akiuliza asikute mwalimu mtupu.

Mfano wa andalio la somo

Darasa: la Tano. Muda: dakika 40. Lengo: kila mwanafunzi aweze kutunga, kwa mdomo na kwa maandishi, sentensi mbili sahihi zenye "scold... for...". Zana: picha tatu zilizochorwa nyuma ya karatasi za kalenda kuukuu, kadi za maneno, na chungu kilichopasuka.

Hatua ya kwanza, dakika 5. Igizo lisilo na maneno. Mwalimu aingie kama mtoto aliyetumwa maji, akiwa na vipande vya chungu, akiinamisha kichwa. Mwanafunzi mmoja awe mzazi. Aoneshe hasira kwa uso na mikono tu. Darasa lieleze kwa Kiswahili kinachotokea.

Tunasisitiza kwamba mwenye kosa awe mwalimu mwenyewe. Tumeona mara nyingi wanachuo wakimchagua mtoto dhaifu au mchafu kuwa mkaripiwa, na darasa zima likapata kibali cha kumcheka. Mwalimu akiwa ndiye aliyevunja chungu, watoto hucheka bila ya mtu kuumia, na aliye kimya siku zote huenda akajitokeza kuwa mzazi, maana si kila siku mtu hupata nafasi ya kumkaripia mwalimu wake!

Hatua ya pili, dakika 12. Mwalimu alitamke neno, watoto wapande ngazi ya "old, cold, scold". Aoneshe picha tatu: baba anamwonya mtoto kabla ya kosa, baba anamkaripia baada ya kosa, ndugu wawili wanagombana. Kwa kila picha aulize, "Is he scolding?" Watoto wajibu na watoe sababu, hata kwa Kiswahili. Picha mbili ambazo siyo zina thamani sawa na ile iliyo ndiyo, kwani mtoto hajui mpaka wa neno hadi aone lililo nje ya mpaka.

Hatua ya tatu, dakika 13. Jedwali la mbadilisho liandikwe ubaoni:

My father / Our neighbour / The driver
scolded
me / the boys / the conductor
for
coming late / losing the money / breaking the pot.

Watoto wafanye kazi wawiliwawili, mmoja akichagua maneno na mwenzake akisema sentensi nzima. Mwalimu apite kati yao akisikiliza, bila kukatiza.

Hatua ya nne, dakika 10. Kila mtoto aandike sentensi mbili za kweli kutoka katika maisha yake. Mwalimu akusanye madaftari.

Kusahihisha si kukaripia

Sasa turudi nyuma ya darasa lile la Mbwawa. Baada ya kipindi tulikaa na mwanachuo chini ya mwembe, tukapitia madaftari. Tulipofika katikati ya rundo tulikuta sentensi hii: "Our teacher scolds us when we speak English."

Sentensi haikuwa na kosa. Kitenzi kilikuwa na "s" yake, mtendwa alikuwa mahali pake, wakati ulikuwa sahihi. Mwanachuo alikuwa ameipigia alama ya vema kwa wino mwekundu na kuendelea na daftari lililofuata. Tulimwomba aisome tena, polepole, kwa sauti. Aliisoma. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini mimi nawasahihisha tu."

Hatukumlaumu, kwa sababu tulijikumbuka. Nasi tuliwahi kusema, "Hata hili hujui?" na "Nimekwambia mara ngapi?" na "Kaa chini!" tukiamini kwamba tunasahihisha. Lakini mtoto alikuwa amelielewa neno kuliko mwalimu wake. Alijua kusahihisha ni nini na kukaripiwa ni nini, na alijua kipi kati ya hivyo kilikuwa kikitendeka kila alipofumbua kinywa kusema Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo hufanya uamuzi wenye akili kabisa: hunyamaza. Nasi hurudi ofisini tukilalamika kwamba watoto wa vijijini hawataki kuzungumza Kiingereza.

Tulitazame tena neno lenyewe, kwani jibu limo ndani yake. Tumesema kwamba mtu hukaripiwa kwa kosa, na kosa hilo huletwa na neno "for". Kosa la namna hiyo ni jambo ambalo mtoto alijua si jema, na angaliweza kuliacha. Kuchelewa kwa kucheza njiani ni kosa. Kumtukana mwenzake ni kosa. Lakini mtoto anayesema "He goed to Mlandizi" hajakosa kwa maana hiyo. Amejifunza kwamba wakati uliopita huwekwa "-ed", naye ameitumia kanuni aliyofundishwa mahali ambapo lugha yenyewe imeikiuka. Tukimkaripia, tutamkaripia kwa lipi? Kwa kufikiri?

Tofauti hii ndiyo tunayotaka kila mwalimu mtarajiwa aibebe moyoni. Upungufu wa maarifa husahihishwa. Upungufu wa tabia hukanywa, na ikibidi hukaripiwa. Anayevichanganya viwili hivi hufundisha watoto kwamba kujifunza ni utovu wa adabu.

Fimbo imewekewa mipaka na serikali. Kanuni za mwaka 2002 zinaelekeza kwamba viboko visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika daftari. Ulimi hauna daftari. Maneno tuyasemayo saa mbili asubuhi hayaandikwi popote isipokuwa katika kumbukumbu ya mtoto, na siku moja, kama tulivyoona, katika zoezi la Kiingereza.

Kwa kusahihisha, mwanachuo azoee njia hizi. Mtoto akisema "He goed to Mlandizi", mwalimu aitikie kwa uso mwema, "Oh, he went to Mlandizi. And what did he buy there?" Mtoto amesikia umbo sahihi, na mazungumzo hayakukatika. Mtoto akikwama, mwalimu ahesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumgeukia mwingine. Kimya kifupi si ujinga. Kosa linalorudiwa na wengi liandikwe pembeni mwa ubao bila jina la mtu, na lishughulikiwe mwisho wa kipindi kama mali ya darasa zima.

Hatusemi kwamba mwalimu asikaripie kamwe. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Mtoto aliyemrushia mwenzake jiwe akaripiwe, tena papo hapo. Lakini karipio liwe fupi, litaje tendo, lisitaje umaskini wa wazazi, kabila wala sura ya mtoto. Na likiisha liishe. Karipio linalorudiwa kesho na keshokutwa limekwisha kuwa simango.

Hitimisho

Neno "scold" ni dogo, na katika azimio la kazi halipati hata kipindi kimoja lake lenyewe. Hata hivyo limetuonesha kwamba maana ya neno haimo katika neno moja la lugha nyingine, bali katika nani anamwambia nani, baada ya nini, na kwa sauti gani. Mwalimu anayezingatia hayo atafundisha msamiati vizuri. Akiyazingatia pia anapofungua kinywa chake mwenyewe, atafundisha zaidi ya msamiati.

Yule mwanachuo alirudi darasani kesho yake. Hakutoa hotuba wala hakuomba radhi mbele ya watoto. Alimwita mtoto wa sentensi ile asome habari, na mtoto alipokosea, alisubiri.

Maswali ya kujadiliana

1. Tunga mifano mitatu ya Kiingereza inayotofautisha "warn", "scold" na "quarrel", ukitumia mazingira ya shule unayofanyia mazoezi.

2. Mwanafunzi ameandika "The doctor scolded malaria." Eleza chanzo cha kosa hilo katika Kiswahili, na jinsi utakavyomsaidia bila kumkatisha tamaa.

3. Katika lugha ya kwenu, yako maneno mangapi ya kukaripia? Ni lipi linalotumiwa na wazee kwa wajukuu tu?

4. Kwa siku moja nzima ya mazoezi ya kufundisha, mwombe mwenzako aandike kila tamko lako la ukali darasani. Mwisho wa siku yagawe mafungu mawili: yaliyohusu tabia na yaliyohusu kutojua. Fungu lipi ni kubwa zaidi?